Kitambi, na lawama tunazoibebesha seli ya mafuta

Mwanza siku hizi ukizungumzia kisukari cha ukubwani utaambiwa kitambi ni sumu, kiyeyushe upone. Kauli hiyo ina msingi. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF-alfa, kemikali ya kinga inayodhoofisha kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Mwaka 2003 ikabainika kuwa tishu hiyo ya mafuta hujaa makrofeji, askari wa kinga wanaosafisha seli zilizokufa. Seli ya mafuta ikijazwa kupita kiasi hutanuka, oksijeni haiifikii vizuri, nyingine hufa, na makrofeji huzizingira. Adiponektini, homoni ya seli hizohizo inayotuliza mcharuko, yaani kinga ya mwili kuwaka kama inapambana na jeraha, nayo hushuka. Mwili unabaki na mcharuko wa chinichini kwa miaka, bila homa wala kidonda.

Ushahidi wa upande wa pili naupa uzito zaidi. Kuna watu wachache wanaozaliwa karibu bila mafuta mwilini. Ungedhani wamesalimika, kumbe hupata kisukari kikali na ini lao hujaa mafuta, kwa kuwa mafuta ya chakula hayana pa kukaa. Tena mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya wanawake 15 wanene walionyonywa mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo, takriban kilo 10 kila mmoja. Wiki 10 hadi 12 baadaye insulini haikufanya kazi vizuri zaidi, wala vipimo vya mcharuko havikushuka. Mafuta yanayozunguka utumbo yalibaki palepale. Na panya waliozimiwa mcharuko ndani ya seli za mafuta, tishu yao ilishindwa kutanuka ipasavyo, mafuta yakahamia kwenye ini.

Kwangu mimi seli hiyo ni ghala lililoelemewa. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, ghala likijaa, magunia ya dagaa yanalala nje na kunyeshewa. Kubomoa ghala hakuokoi dagaa.

Wapo wahudumu wa afya wanaohofia kwamba tukiitetea seli, watu watarudi kusifia kitambi kuwa dalili ya pesa. Hofu yao naielewa, na ni kweli kwamba anayepungua kwa kula kidogo na kutembea husinyaza seli zake, mcharuko ukatulia. Ila idadi ya seli haipungui, ndiyo maana uzito hurudi kirahisi, na kumwita mtu mvivu ni kumwonea.

Mizani peke yake hainiridhishi. Mama mwenye mikono myembamba na tumbo lililojaa yuko hatarini kuliko mwenzake mwenye uzito uleule uliokaa nyongani na mapajani. Futi ya fundi cherehani inatosha kuanzia: kiuno cha sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke kinatosha kumpeleka mtu akapime sukari, hata kama nguo zake bado zinamkaa vizuri.