Nani alimshirikisha nani?

Kuna neno linanikera kila nikilisikia kwenye sherehe za kukata utepe vijijini: "wananchi wameshirikishwa." Litazame vizuri. Yupo aliyewashirikisha, na huyo hatajwi. Wananchi wenyewe wamefanyiwa tu.

Kwetu Upare, milimani kaskazini mashariki mwa Tanzania, sijawahi kusikia mtu amesema ameshirikishwa kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kuchimbwa kwa mikono: maji ya kijito yanaingia usiku kucha, asubuhi mwenye zamu anazibua, yanateremka kwa mfereji hadi shambani kwake. Tope likijaa, inapigwa mbiu ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Unabeba jembe au chepe, kina mama wanabeba karai, na asiyetokea anatozwa faini. Posho hakuna. Wala si kwamba Wapare ni malaika. Tunasifika kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Ila zamu za maji tumezipanga wenyewe, na kila mmoja anajua atakula nini mfereji ukikauka.

Sasa linganisha na mkutano mmoja niliokaa, miaka kadhaa iliyopita. Watu walitaka kivuko, kwa sababu mvua za masika zikianza watoto hawavuki korongo kwenda shule. Wageni walikuwa wamekuja na mradi mwingine, tayari una ramani na bajeti. Karatasi ikazungushwa. Shangazi yangu akauliza, "Hapa tunasaini nini?" Akajibiwa, "Mahudhurio tu, mama." Akaweka dole gumba. Baadaye karatasi ileile ikaambatanishwa kwenye muhtasari kuwa ndiyo ridhaa ya kijiji.

Mfano wa kijiji kujiamulia tunao, na tuliuzima wenyewe. Mwaka 1960 vijana wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, walianzisha kijiji cha Litowa, Songea. Walilima pamoja na kupanga mambo yao kikaoni, vijiji jirani vikafuata, wakaunda chama chao cha maendeleo, Ruvuma Development Association. Walikuwa na mashine yao ya kusaga, na shule ambayo masomo yake yalifungamana na maisha ya kijijini. Mwalimu Nyerere aliwapenda, na sera yake ya Ujamaa Vijijini ya 1967 ilichota mengi kwao. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama chao. Kosa lao, kwa ninavyoona mimi, ni kutosubiri maagizo ya wakubwa.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976. Mamilioni ya watu wakapelekwa vijijini, wengine kwa malori, huku nyuma nyumba zao zikichomwa. Litowa watu walihamia, hawa wakahamishwa.

Utaniambia mambo yamebadilika, na kwenye karatasi ni kweli. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, mamlaka ya juu kabisa kijijini. Lakini mtendaji wa kijiji ameajiriwa na halmashauri, na fedha nyingi zinashuka zikiwa zimeshapewa jina la mradi. Mkutano unaachiwa kuchagua tarehe ya kuchimba msingi. Wananchi wanachanga, wanasomba mawe na mchanga, wanapandisha boma la zahanati hadi kwenye renta, halafu linangoja bati kutoka juu mpaka nyasi zinaota ndani. Hapo tena wanaitwa wavivu wa kuchangia!

Mimi ningeanza na kitu kimoja: kijiji kipewe fungu lisilo na jina, mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila robo mwaka, na mkutano uwe na haki ya kumwambia mgeni na mradi wake, "Asante, hatuutaki." Watakosea? Watakosea, na fedha nyingine zitaliwa. Lakini mwenyekiti aliyekula fedha za kivuko atakutana na shangazi yangu kisimani. Aliyeleta ile karatasi hatujamwona tena, na watoto bado wanavuka kwa magogo mawili.