Walinzi Wawili, Kompyuta Moja

Jamani, mshawahi kuona punda wawili wenye mizigo wakikutana kichochoroni Mkomani, kule Lamu, hakuna anayerudi nyuma? Ndiyo kompyuta yangu hiyo. Nimeweka programu mbili za kuzuia virusi zinilinde, kumbe zinalindana! Hii ikifungua faili kuikagua, ile inaruka kumkagua aliyefungua. Feni inavuma kama kusi. Mteja kaja kuchapisha ukurasa mmoja, kaenda kunywa kahawa, karudi, bado!

Dawa, naambiwa, ni kuiamuru programu moja isiguse folda ya mwenzake. Haya, nikaiamuru. Wapi! Kumbe na ya pili nayo inataka kuambiwa, kivyake, kama wake wenza. Na hiyo orodha ya vighairi, yaani vitu ambavyo programu isiviguse, mbona imefichwa hivyo, ni dhahabu? Nikaipata. Asubuhi programu ikajisasisha, ikasahau yote.