Kibegi cha kukimbilia kisicheze kiunoni

Jumamosi alfajiri, pale Daraja la Tanzanite, nilimkuta dada mmoja wa kikundi chetu amesimama kando, anahangaika kufungua kibegi cha kiunoni. Mkanda ulikuwa umemchubua juu ya nyonga mpaka ngozi imetoka. Kibegi chenyewe kina sehemu ya chupa mbili, zipu nne na klipu kubwa ya plastiki iliyokuwa inamgonga tumboni. Aliyemuuzia alimwambia ndicho wanachovaa wakimbiaji wa kweli. Mwenzetu anakimbia kilomita tano! Akamalizia kwa kutembea, kibegi mkononi, akaniambia labda mbio si za watu wenye umbo lake.

Hapo ndipo nilipokasirika. Kibegi kibovu kimemfanya mtu aulaumu mwili wake.

Wauzaji wanapenda kusifia wepesi wa kibegi kikiwa kitupu. Gramu themanini, gramu mia, inahusu nini? Hakuna anayekimbia na kibegi kitupu. Simu peke yake ni kama gramu 200, na nusu lita ya maji ni nusu kilo. Ukipewa mifuko minne utaijaza yote, ndivyo binadamu tulivyo. Kwa hiyo kibegi chepesi ni kile kinachokunyima nafasi: simu, ufunguo, hela kidogo, basi.

Halafu kuna kuruka, na hili ndilo kubwa kuliko uzito. Mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua kama 170 kwa dakika, yaani zaidi ya 10,000 kwa saa. Kila hatua mwili unapanda na kushuka. Kibegi kikilegea, mwili ukishuka chenyewe bado kiko juu, kisha kinakuja kukugonga. Chupa ikishapungua maji ndiyo balaa zaidi, maana yaliyobaki yanasukumana humo ndani. Mkimbiaji anaanza kukishika kwa mkono, bega moja linapanda, mwendo wote unaharibika.

Na kwa wenye nyonga pana, ambao ni wengi wetu, mkanda mwembamba una tabia yake. Unaufunga vizuri kwenye nyonga, kila hatua inausukuma juu, ukifika kiunoni penye wembamba unalegea. Unaukaza. Unapanda tena. Ndiyo ile michubuko. Dawa yake ni mkanda mpana wa kuvutika, usio na klipu, unaovaliwa kwa kupitisha miguuni kama sketi na kukumbatia nyonga pande zote, simu ikiwa imebanwa ndani yake. Fundi cherehani wa mtaani kwetu anaushona kwa lastiki ya upana wa vidole vinne, anakupima kwanza, na anaacha tundu dogo la kupitishia ufunguo. Mimi nauona bora kuliko vingi vinavyoning'inia madukani.

Ukienda Kariakoo kununua, nenda na simu yako. Itie ndani, vaa, rukaruka palepale dukani, kimbia bila kusogea kwa dakika nzima. Muuzaji akinuna, mwache anune. Simu ikicheza, rudisha kibegi.

Jasho la Dar halina mchezo, kwa hiyo simu ivikwe nailoni hata kama kibegi kimeandikwa hakipitishi maji. Zipu ya chuma iepuke, chumvi itaila.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuacha simu nyumbani. Kwa mwanamume labda. Mwanamke anayetoka saa kumi na moja alfajiri, barabara bado tupu, anahitaji kupiga simu akiona mtu anamfuata, na sitaki kusikia mjadala kuhusu hilo.

Kuhusu maji, nakubali kwa shingo upande kwamba wapo wanaoyahitaji. Anayekwenda kilomita thelathini peke yake kuelekea Bagamoyo abebe, ingawa hata huyo ningemshauri kibegi cha mgongoni kinachokaza kifuani. Lakini anayezunguka Oysterbay na Masaki, njia nzima ana maduka, anunue maji anywe, aendelee. Na kwenye mashindano kama Kilimanjaro Marathon kule Moshi, meza za maji zipo njiani. Kubeba chupa mbili kiunoni kwa kilomita tano ni mzigo usio na sababu.

Viongozi wa vikundi, nawaomba sana. Msimu wa sare ukifika mnachangisha hela ya tisheti na vibegi kwa pamoja, saizi moja kwa watu wote. Leteni kwanza viwili vitatu vya sampuli. Wavae wembamba, wavae wanene, waweke simu zao, wakimbie navyo mpaka Coco Beach na kurudi. Kisha waulizeni, na mtakachoambiwa ndicho mkaagize.