Asiyeamini Mungu Mezani kwa Mama: Vichekesho vya Wamarekani Weusi Vinamtendea Haki?

Septemba 2016, tamthilia ya vichekesho Black-ish ya kituo cha ABC ilimpa Zoey, binti mkubwa wa familia ya Johnson, maneno ambayo msichana mweusi hapewi mara nyingi kwenye televisheni ya Marekani: kwamba hana hakika kama Mungu yupo. Baba yake, Dre, akachanganyikiwa. Watazamaji walicheka, lakini hofu ya Dre haikuwa ya kubuni. Mzazi yeyote aliyelelewa na mama wa kanisa anaijua.

Anayetaka kuielewa hofu hiyo aanze na kanisa lenyewe. Watu weusi walipobaguliwa hata kwenye ibada, Richard Allen na wenzake waliunda Kanisa la AME (African Methodist Episcopal), kanisa la Wamethodisti weusi, huko Philadelphia mwaka 1816. Mgomo wa Montgomery, ambapo watu weusi walisusia mabasi ya mji huo wa Alabama kupinga ubaguzi, ulioanza Desemba 1955, uliendeshwa kutoka makanisani. Wabaguzi wa Birmingham walilijua hilo vizuri, ndiyo maana Septemba 1963 walitega bomu kanisani na kuua wasichana wanne. Kwa historia ya namna hii, mtoto akisema haamini, mzazi husikia kwamba mwanawe anawakana waliomtangulia, watu waliomwombea hata kabla hajazaliwa.

Kwa hiyo wanaowatetea waandishi wa vichekesho wana hoja nzito. Wanasema familia inaonyeshwa ilivyo. Ripoti ya taasisi ya utafiti ya Pew ya mwaka 2021, iliyohoji Wamarekani weusi zaidi ya 8,600, ilikuta 97% wanaamini Mungu au nguvu fulani iliyo juu. Tena kwa miaka mingi wachekeshaji wamepata pesa kwa kumdhihaki mchungaji mweusi na mama mwenye kofia kubwa ya Jumapili. Tamthilia inayomheshimu mama huyo inalipa deni la siku nyingi. Hayo yote nayakubali.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni wa zamani. Good Times ilianza CBS mwaka 1974, ikisimulia maisha ya familia ya Evans katika nyumba za serikali za Chicago. Mama, Florida, aliigizwa na Esther Rolle, mwanamke aliyekataa kuingia kwenye tamthilia hiyo mpaka Florida apewe mume, kwa kuwa alichoshwa na familia nyeusi zisizo na baba kwenye skrini. Katika vipindi vya mwanzo kabisa, kijana J.J. alichora Yesu mweusi, akimtumia mlevi wa mtaani kama kielelezo. Mdogo wake, Michael, akataka picha hiyo itundikwe badala ya ile ya Yesu mzungu. Florida hakupenda. Yesu aliyemjua tangu utotoni alikuwa yule mweupe. Familia ikabishana, tena kwa uzito, kuhusu rangi ya Mwokozi, na hakuna aliyetupwa nje ya nyumba kwa kubisha. Naihesabu kuwa miongoni mwa nusu saa bora za televisheni ya muongo ule.

Hapo walikuwa wanabishana juu ya sura ya Yesu. Kuwepo kwa Mungu kulikuwa jambo jingine. John Amos, aliyemwigiza baba, alipoondolewa mwaka 1976, waandishi walimuua mhusika wake kwa ajali ya gari, na mapema 1977 wakamletea Florida mchumba, Carl Dixon, aliyeigizwa na Moses Gunn. Carl alikuwa mtu mzima, mstaarabu, mwenye kazi yake. Na alikuwa haamini Mungu.

Rolle alipinga. Aliona Florida hawezi kumsahau mumewe upesi hivyo, na kwamba mwanamke mwenye imani kama yake hawezi kumchagua mwanamume asiye na Mungu. Akaondoka. Aliporudi kwa msimu wa mwisho, aliweka sharti kwamba Carl aondolewe kwenye hadithi, na hatukumwona tena.

Simlaumu Rolle. Alikuwa anamlinda mama mweusi dhidi ya waandishi waliomtumia kama kijiti cha kuchochea moto wa hadithi, na kuhusu ule uharaka wa ndoa nadhani alikuwa sahihi kabisa. Makosa nayaona kwa waandishi. Walimtengeneza mkana Mungu mwenye heshima, kisha wakamwingiza kwa mlango wa mjane aliye bado kwenye majonzi. Hawakumpa wazazi, wala kanisa alilolelewa, wala sababu ya kuliacha. Wakampa saratani ya mapafu.

Zoey angalau ni mtoto wa nyumbani. Hata hivyo ni kijana wa shule, na shaka ya kijana ni rahisi kuichukua kama homa ya umri, itapita. Jambo hili lina mizizi nje ya televisheni: katika tamthilia ya jukwaani A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry, ya mwaka 1959, Beneatha anaposema amechoka kuona Mungu akisifiwa kwa jasho la binadamu, mama yake anamzaba kofi na kumlazimisha arudie kwamba ndani ya nyumba ya mama yake Mungu bado yupo. Hansberry, lakini, alimpa Beneatha hoja kabla ya kofi. Vichekesho vingi humpa asiyeamini kofi, hoja husahaulika.

Na watu wenyewe wapo. Ripoti ileile ya Pew inasema Mmarekani mweusi mmoja kati ya watano hajitambulishi na dini yoyote, ingawa wengi wa hao bado wanaamini Mungu. Mwaka 2011, Atlanta, ilizaliwa Black Nonbelievers, jumuiya ya weusi wasioamini Mungu. Kabla yao alikuwepo A. Philip Randolph, aliyeongoza chama cha wafanyakazi weusi waliohudumia mabehewa ya kulala ya treni tangu 1925 na kuwa kinara wa maandamano ya Washington ya 1963 ya kudai haki za watu weusi. Baba yake alikuwa mchungaji wa AME. Mwana huyo wa mchungaji alitia saini ilani ya mwaka 1973 ya wahumanisti, watu wanaotegemea akili na utu bila dini, iliyokataa imani katika Mungu anayesikia maombi. Alifanya kazi bega kwa bega na wachungaji na hakuna aliyeweza kumwambia amewakana watu wake.

Mtu kama huyo ni mali kwa mwandishi wa vichekesho. Mpe umri wa miaka 45, kazi, mke na deni la nyumba. Awe anaimba besi kwenye kwaya kwa sababu mama yake hawezi kuvumilia kwaya bila sauti yake, na wote kwenye kwaya wanajua haamini. Mchungaji anajua. Mama ndiye anayejifanya hajui, na kila Jumamosi jioni anampigia simu kumkumbusha saa ya ibada. Hapo kuna misimu mitatu ya kucheka bila kumponya mtu yeyote kutokuamini kwake.