Arthur Erickson na mnara uliolazwa chini

Mimi si mpenzi wa zege tupu. Majengo mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yaliyoachwa bila plasta wala rangi hunichosha macho. Ila kwa Arthur Erickson, msanifu majengo wa Vancouver, Kanada (1924–2009), nasalimu amri.

Namheshimu hasa kwa Robson Square. Serikali ya jimbo la British Columbia ilitaka kusimamisha hapo, katikati ya Vancouver, mnara wa ghorofa zaidi ya 50. Uchaguzi wa 1972 ukaleta serikali nyingine, mnara ukafutwa, kazi akapewa Erickson. Akaulaza chini! Ofisi za serikali zikajificha chini ya bustani na maporomoko ya maji, mahakama zikafunikwa paa kubwa la kioo lililoinama. Raia anakatiza zake juu ya kichwa cha serikali. Raha iliyoje.

Ila pale pale pana ngazi zinazokatwa mshazari na njia ya mteremko, eti ya viti vya magurudumu. Kwenye picha zinapendeza mno. Kumbe mteremko ni mkali, hauna vishikio, na asiyeona vizuri hatofautishi kingo. Wanaozisifia wangeteremka nazo kwanza siku ya mvua, na Vancouver mvua haiishi.

Kazi yake bora kwangu ni ukumbi mkuu wa Makumbusho ya Anthropolojia, hukohuko Vancouver, wa 1976. Nguzo na mihimili ya zege inafuata muundo wa nyumba za mierezi za wenyeji wa pwani ile, na katikati ni vioo vitupu, kwa hiyo magogo yao marefu ya kuchongwa yanapata mwanga wa mchana. Kwa hofu ya tetemeko, ukumbi ulibomolewa ukajengwa upya vilevile, ukafunguliwa 2024. Nani huingia gharama hiyo kwa jengo asilolipenda?

Ubalozi wa Kanada mjini Washington, wa 1989, haunigusi. Waziri Mkuu Pierre Trudeau alimteua akiipuuza orodha ya kamati, na nguzo zile zimekaa kimaonyesho tu.

Mwaka 1986 wasanifu wa Marekani walimpa medali yao ya dhahabu, 1992 akafilisika. Marafiki ndio waliookoa nyumba yake isiuzwe, nayo ilikuwa gereji iliyogeuzwa makazi, kwa kuwa kiwanja karibu chote alikuwa amekiachia bustani.