Mbona chupa ya bia ya Primus hatuioni ikielea ku mto Ruzizi?

Kila mara tukikutana wandugu wa Bukavu, ule mji wa mashariki ya Kongo, huku Ujerumani, tunakula bugali, tunapiga stori, halafu lazima mmoja atoe simu yake aonyeshe video ya ziwa Kivu limejaa machupa ya plastiki hadi maji hayaonekani, na mwingine aseme "aah, sisi watu weusi usafi ilitushinda". Na watu wanaitikia! Hiyo maneno inaniuma kweli. Nimeishi pande zote mbili na naona wenye kusema hivyo hawajaangalia vizuri, si kule nyumbani, si huku.

Tuanze na huku. Mjerumani mmoja anatoa zaidi ya kilo 500 za takataka kwa mwaka. Mama yangu pale Cimpunda, Bukavu, mwenye anafunga chumvi ku karatasi na anatumia ndoo moja miaka na miaka, sidhani kama anafika hata robo yake. Kwa hiyo kama ni kuchafua, hawa wanatushinda mbali sana, ila takataka yao inabebwa. Ku jengo letu hapa Köln kuna pipa la njano la plastiki na mapakiti, la buluu la makaratasi, la kahawia la maganda ya chakula, la kijivu la vile vilivyobaki, na kila moja lina siku yake. Bibi wa chini akikuta umetupa chupa mu pipa la karatasi anapanda ngazi kuja kugonga mlango wako, na miguu yake inamuuma. Na gari la takataka haliji bure, tunalilipia ndani ya pesa ya nyumba, utake usitake.

Na si kwamba walizaliwa hivyo. Huu mto Rhine unaopita katikati ya mji ulikuwa umeoza miaka ya 1970, viwanda vilimwaga humo kila kitu. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kiwanda kimoja cha kemikali liliungua karibu na Basel, Uswisi, maji ya kuzimia moto yakashuka na sumu mtoni, mto ukageuka mwekundu, samaki wa aina ya mikunga wakafa mamia ya kilomita kufuata maji yanakoenda. Watu wakaandamana, na mwaka uliofuata nchi za mto huo zikakubaliana mpango mmoja wa kuusafisha. Leo samaki wamerudi. Ilidai sheria kali, pesa nyingi, na serikali kukubali kwamba uchafu wa mwenye kukaa juu unamuua mwenye kukaa chini.

Lakini kitu chenye nataka zaidi watu wa kwetu wakijue ni hii habari ya chupa. Tangu 2003 huku ukinunua kinywaji cha chupa ya plastiki au mkebe unalipa na senti 25 juu ya bei, zinaandikwa peke yake ku risiti. Mwanzo ilikuwa vinywaji fulani tu, toka 2022 ni karibu chupa zote za plastiki za vinywaji. Ukirudisha chupa tupu, senti 25 zako zinarudi. Ku supamaketi kuna mashine ukutani yenye tundu la duara, unaingiza chupa, inaizungusha kidogo isome alama, unasikia inapondwa kule nyuma, unaingiza nyingine, ukimaliza unabonyeza inatoa kikaratasi na unaenda nacho kwa keshia. Na duka kubwa haliwezi kukujibu "hii hukununua kwangu", sheria inalilazimisha lipokee. Mtu akiacha chupa ku bustani haikai, mzee mwenye pensheni ndogo atapita aiokote, mwanafunzi naye ataiokota, na watu wamezoea kuiacha kando ya pipa ili mwokotaji asiingize mkono ndani. Hakuna mtu anamhubiria mwenzake usafi pale. Ni pesa.

Sasa twende kwetu. Maji ya ziwa Kivu yana mlango mmoja tu wa kutokea, uko Bukavu, pale ndipo Ruzizi inaanza safari ya kwenda Tanganyika. Chupa ikitupwa ku rigoli, ule mfereji wa barabarani, kule mtaa wa Kadutu inangoja mvua, mvua inaishusha mpaka mto Kawa, Kawa unaiingiza ziwani, na ziwa linaisukuma taratibu ku mlango huohuo, na mbele kidogo tu iko baraje ya umeme ya Ruzizi I, ile ya wakati wa Wabeligiji. Inafika pale inaziba mahali maji yanaingilia, mashine inakosa nguvu au inaharibika kabisa, na umeme unakatika. Kuna vijana kazi yao ni kuingia na mtumbwi na kuvuta plastiki kwa mikono na kwa reki, wanapakia, wanamwaga ng'ambo, kesho yake wanakuta imejaa tena kama hawakufanya kitu. Umeme ukikosa, bamama wanarudi kwa makala, yaani makaa ya kupikia, na makala mengi ya Bukavu yanatoka ku miti ya mbuga ya Kahuzi-Biega, miti ikiisha udongo unashuka na mvua, manyumba nayo yanashuka. Yaani ile chupa ndogo ya maji mtu aliyokunywa dakika tano inatufuata mpaka msituni.

Wengine watasema sheria ipo. Ni kweli, amri ya waziri mkuu ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia masashe, ile mifuko laini ya plastiki, Kongo nzima. Nani hajanunua maji ya sashe tangu siku hiyo? Amri ilimwambia mtu aache bila kumwonyesha atabebea nini, na hakuna wa kuifuata. Lakini angalia mama mmoja wa Nyawera, Bukavu, akivuka Ruzizi kwenda Kamembe, Rwanda. Rwanda walikataza masashe toka 2008 na ku mpaka wanaangalia mizigo, basi huyo mama anapanga vitu vyake ku kikapu na ku karatasi bila shida yoyote, na jioni akirudi upande wetu anapewa sashe nyeusi kwa nyanya tatu. Ni mtu mmoja, siku moja! Mwenye kuniambia tatizo ni rangi ya ngozi anielezee hiyo.

Na sasa nifike ku jambo lenye limenifanya niandike. Nyinyi mlio Bukavu, shukeni ku ziwa muangalie. Mtaona chupa za maji, chupa za juisi, masashe, kandambili, lakini je, mtaona chupa ya Primus? Mtaona kazie ya kubebea bia? Mtaona bidoni ya njano ya lita 20? Hamtaona, na ikionekana mtoto ataiogelea mpaka aishike. Juu ya nini? Juu vidanji, ile chupa tupu ya kurudisha, ina bei. Ukienda ku depo ya bia bila vidanji unalipa chupa, kila nganda ya kunywea inajua, kila mtoto mwenye ametumwa bia na baba yake anajua kwamba akivunja chupa ni kilio. Ule mpango wa Wajerumani wenye tunauona maajabu tunao tangu wazee wetu, tena bila mashine, bila kompyuta, kwa daftari na maneno ya mdomo. Tuliuacha tu siku plastiki ilipoingia, kwa sababu mwenye kuuza plastiki hakuombwa airudishe.

Kwa hiyo mawazo yangu ni haya: plastiki nayo iwe vidanji. Tuseme franka 200 ku kila chupa ya maji au juisi, unalipa ukinunua, unarudishiwa ukirudisha. Lori la maji na juisi linapanda limejaa na kushuka tupu, lishuke na machupa. Tuanze na vinywaji vyenye vinajazwa mu mji wenyewe, vile vya kutoka nje tuviangalie baadaye, la sivyo watu wataleta machupa kutoka kila mpaka kuja kuchota pesa. Na pesa hiyo isipitie ku ofisi yoyote, ibaki kati ya muuzaji na mnunuzi sawa vile vidanji ya bia, maana ikiingia tu ku kodi fulani tunajua itaishia wapi. Maibobo wetu, watoto wa barabarani, watapata kitu cha kuokota chenye kinalipa, ingawa hapo ninaogopa kidogo, sitaki kuona watoto wanaingia mu mifereji ya kinyesi kwa franka 200, lazima depo zikubali kununua kutoka kwa watu wazima walioandikwa, wenye glavu na buti.

Najua mtaniambia mji uko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Februari 2025, benki zimefungwa, watu wanatafuta cha kula, na huyu wa Ulaya anatuletea habari ya machupa. Nawaelewa, ndugu zangu wako hapo hapo na kila usiku nawaza juu yao. Lakini vidanji ya bia haikungoja serikali nzuri, ilitembea wakati wa Mobutu na wakati wa vita zote, kwa sababu ni makubaliano ya muuzaji na mteja wake. Depo moja ya mtaa wa Essence au wa Nguba inaweza kuanza bila kumpigia mtu saluti. Kinachohitajika ni pesa kidogo ya kuzungusha mwezi wa kwanza, ya kurudishia watu kabla ya biashara kuzoea, na sisi wa huku tunaochanga kila mara kwa ndoa na kwa matanga hatushindwi kuchanga hiyo. Mimi changu nimeshakitenga. Mwenye depo aseme.