Kabla hujalaumu maziwa ya mama, inua kwanza ulimi wa mtoto

Siku ya tisa baada ya kujifungua nilikuwa naogopa mdomo wa mwanangu. Aliyepitia ataelewa. Akianza kulia tu mwili mzima unakaza, najua sasa hivi ananyonya na chuchu zenyewe zimechanika zote mbili, na akiachia ziwa chuchu inatoka imebonyea upande mmoja, ncha nyeupe kama haina damu. Ananyonya saa nzima, analala dakika kumi, anaamka na njaa ileile. Alafu kulikuwa na kamlio, tk, tk, tk, kila akivuta, mimi nikadhani ndo watoto wanavyonyonya, kumbe ni ulimi unashindwa kushika unaachia, unashika unaachia.

Ushauri sasa, jamani. Mama mkwe alikesha jikoni ananipikia uji wa pilipili manga na mtori, Mungu ambariki, alifanya alichokijua. Wifi akasema maziwa yangu mepesi nimwanzishie ya kopo. Jirani akasema huyu ana kimeo, kuna mzee anakata vizuri tu nitakupeleka. Kila mtu alikuwa anaangalia matiti yangu au koo la mtoto, na mimi usiku nimekaa kitandani nalia kimyakimya nikiamini mwili wangu ndo wenye kasoro.

Wiki ya pili kliniki, kwenye mzani, mtoto hajarudia hata uzito aliozaliwa nao. Kawaida mtoto mchanga anapungua kidogo siku za mwanzo alafu mpaka kufikia kama wiki mbili anakuwa ameurudisha. Nesi mmoja mtu mzima akaniambia mama hebu mnyonyeshe nione. Akaangalia kama dakika tano hivi hasemi kitu. Akavaa glovu, akamlaza mtoto mapajani kichwa kikiwa upande wake, akaingiza vidole viwili chini ya ulimi na kuuinua, akaniambia niwashe tochi ya simu. "Unaona hapo mama?" Nikaona. Kikamba chembamba cheupe, kifupi, kimeshika karibu kabisa na ncha ya ulimi kinashuka mpaka nyuma ya ufizi wa chini. Mtoto akilia ulimi haupandi juu, pembeni zinanyanyuka katikati panabaki pamezama kama kijiko, na ncha imeingia ndani kama kopa la karata. "Huu ni udata," akasema.

Yaani siku tisa, siku kumi na nne, nimepita kwa watu wangapi, wameangalia macho, kitovu, korodani, miguu, na hakuna aliyeinua ulimi. Hiyo ndo sababu ya kuandika hapa. Siandiki kusema kila ulimi ukatwe, nasema uangaliwe, basi. Ni sekunde kumi na tochi ya simu.

Tuelewane kwanza udata ni nini maana naona watu wanauchanganya. Kila mtu ana kile kikamba chini ya ulimi, nenda kwenye kioo sasa hivi inua ulimi utakiona. Kuwa nacho sio ugonjwa. Udata ni pale kinapokuwa kifupi au kimekaza au kimeshika mbele sana kiasi kwamba ulimi hauwezi kufanya kazi yake, kupanda juu, kutoka nje kupita ufizi, kwenda pembeni. Mtoto anazaliwa nao, unakuwa zaidi kwa wavulana, na unatembea kwenye familia, hilo nitalirudia. Na kuna watoto kibao wana kikamba kifupi cha kuonekana kabisa ila wananyonya vizuri, mama haumii, uzito unapanda. Hao waacheni. Anayetibiwa ni mtoto anayeshindwa, picha ya kwenye simu haitibiwi.

Nesi hakukimbilia mkasi, na hilo namheshimu mpaka leo. Siku kadhaa za mwanzo tulibadilisha mkao tu, mtoto nimemgeuza tumbo kwa tumbo, kidevu kimezama kwenye ziwa, mdomo naungoja ufunguke kweli ndo namsogeza, na katikati nakamua nampa kwa kikombe kidogo asipungue zaidi. Kuna akina mama hii peke yake inawatosha. Kwangu ilipunguza maumivu ila haikuyaondoa, ndo tukapewa rufaa kwa daktari.

Daktari aliuliza maswali mawili ambayo nataka kila mama ayashike. Moja, mtoto alichomwa sindano ya vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda, alipozaliwa? Pili, kwenye ukoo kuna mtu anayetoka damu isikatike? Kwa sababu chini ya ulimi kuna mishipa ya damu inayoonekana kwa macho, na kuna vijibomba vya mate vinafungukia palepale. Hapo ndo uone kwa nini wembe wa mtaani haufai. Akatazama na taya pia, kuna watoto wanaozaliwa na taya dogo sana lililorudi nyuma, hao ulimi ukiachiwa unaweza kudondokea nyuma na kuziba njia ya hewa.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko maelezo. Tukamfunga kwenye kanga mikono ndani, nesi akashika kichwa, daktari akainua ulimi, mkasi wenye ncha butu, kap, kwisha. Kwa kichanga mara nyingi hakuna ganzi wala nyuzi. Damu matone mawili matatu, akalia, nikamweka ziwani palepale, na nikasikia tofauti ambayo sikuitegemea, alikuwa anavuta badala ya kutafuna. Siku mbili baadaye chini ya ulimi kukawa na kidonda cheupe cha manjanomanjano nikaingia hofu nikijua ni usaha, kumbe ndo kinavyopona, kwa wiki moja mbili kikaisha. Ukichelewa, mtoto akishakuwa na miezi kadhaa, ana nguvu na meno, hapo mara nyingi inakuwa habari ya nusu kaputi, na gharama yake na hatari zake ni nyingine kabisa.

Sasa nisiwadanganye kwa furaha yangu. Maumivu yangu yalipungua siku hiyohiyo, ila uzito ulichukua wiki kadhaa, na siwezi kuapa kwamba ni mkasi peke yake na sio ule mkao mpya. Na utafiti nao unasema hivyohivyo. Mwaka 2017 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, walikusanya majaribio matano, watoto 302, wakakuta kukata kunampunguzia mama maumivu ya chuchu kwa muda mfupi, lakini kwamba mtoto ananyonya vizuri zaidi, majibu hayakuwa ya aina moja. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani nacho kikatoa ripoti kikionya kwamba kule kwao watoto wanakatwa hovyo, wengine kwa leza ya bei kubwa, na wengi hawakuhitaji. Brazil wao wana sheria ya mwaka 2014 inayotaka kila mtoto anayezaliwa hospitalini aangaliwe ulimi. Kwetu sisi shida yangu ni tofauti na ya Marekani. Hapa mtoto haangaliwi kabisa, alafu akija kugundulika anakutana na fundi wa mtaani.

Na hapo lazima niseme kuhusu kimeo, kwa sababu karibu nimpeleke mwanangu kwa yule mzee. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kooni, udata uko chini ya ulimi, ni vitu viwili tofauti kabisa. Watu wanakata kimeo kwa sababu mtoto anakohoa, anatapika, hanyonyi, hakui. Lakini kikohozi kisichoisha kinaweza kuwa nimonia, inaweza kuwa TB, na kutokunyonya kunaweza kuwa mambo kumi. Ukishamkata koo na kifaa ambacho kimepita kwa watoto wengine, umemwongezea kutoka damu, maambukizi, pepopunda, na ule ugonjwa wa mwanzo bado upo mwilini unaendelea. Nawaheshimu wazee wetu, mimi nimelelewa na bibi na dawa zake, ila kwa hili hapana, tena hapana kubwa.

Jambo lingine linaloniuma ni hili la kuongea. Naona kila siku mtu anauliza mwanangu ana miaka miwili na nusu hasemi hata mama, anajibiwa mkateni udata. Ndugu yangu, udata hauzuii mtoto kuanza kuongea. Maneno yanaanzia kichwani na masikioni. Mtoto wa umri huo asiye na neno hata moja, asiyegeuka ukimwita, mpeleke apimwe masikio kwanza na aangaliwe ukuaji wake wote. Ukimkata ulimi ukakaa unasubiri maneno unaweza kupoteza mwaka mzima na kumbe hasikii. Udata ukigusa maongezi unagusa baadhi ya herufi, zile zinazotaka ncha ya ulimi ipande au itoke, l, t, d, n, s, z, th, dh, na hasa r yetu ya Kiswahili inayotetemeka. Hata hapo wengi wenye udata wanazitamka bila shida maana ulimi unajitafutia njia.

Lakini sio wote, na namleta kaka yangu. Sisi ni Wasukuma. Kaka alikua akisema mahali kwa mahari, kula kwa kura, na thelathini ilikuwa ikimtoka selasini hivi, na darasani walimu na wanafunzi walicheka wakisema ndo Kisukuma hicho. Nyumbani tukakubali, maana kweli Kisukuma hakina r na wazee wetu wote wanasema l. Ila mimi na dada zangu tumekulia palepale na r tunaitamka! Hakuna aliyejiuliza. Kaka akawa mtu wa kukaa kimya, mkutanoni anamtuma mwenzake aongee, mpaka ana miaka 34, siku anamuona mwanangu amewekewa tochi mdomoni, akaniambia dada, mbona mimi niko hivyohivyo. Akafungua mdomo. Ulimi wake haufiki kaakaa mdomo ukiwa wazi, hawezi kulamba mdomo wa juu, mchicha ukinasa kwenye magego ya nyuma anatoa kwa kidole, na maisha yake yote alijua kila mtu anafanya hivyo.

Kwa mtu mzima sio mkasi na kwenda nyumbani. Alichomwa ganzi, wakapasua na kushona nyuzi zinazoyeyuka, kama nusu saa, wiki ya kwanza alikula uji na ndizi za kupondaponda, ulimi ulivimba akajuta kidogo. Alafu mazoezi, gusa nyuma ya meno ya juu, telezesha ncha nyuma kwenye kaakaa, toa nje, peleka kulia, kushoto, mara kadhaa kwa siku, wiki nyingi, kwa sababu kidonda kikipona huku ulimi umelala kovu linaweza kuvuta upya. Tulitafuta mtaalamu wa matamshi, ni wachache mno kwetu, tukampata mjini mwingine, wanaongea kwa video.

Mwezi wa tano sasa tangu apasuliwe. R bado haijakaa, akiwa na haraka inarudi kuwa l, miaka 34 ya mazoea haiondoki kwa mkasi na daktari alimwambia hivyo tangu mwanzo. Th imekuja. Kula anakula vizuri, meno anayasafisha kwa ulimi. Na wiki iliyopita kwenye kikao cha harusi ya binamu aliinuka mwenyewe akasoma taarifa ya michango, majina na hela zote, nikamsikia anafika kwenye elfu thelathini, akapunguza mwendo, akaisema, akaendelea na jina linalofuata.